Maji ya Nyeri Huchemka kwa Nyuzijoto 94: Kufunza Sayansi Gredi ya 4 hadi 6

Maji ya Nyeri hayachemki kwa nyuzijoto 100. Mji uko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji hutokota yakifika karibu nyuzijoto 94. Nanyuki, ulioinuka zaidi, kiwango hicho hupungua tena kidogo. Lakini mwulize mtoto wa Gredi ya 6 wa Karatina, Othaya au Mweiga, naye atakujibu bila kusita: mia moja. Ndivyo ubao ulivyosema, ndivyo daftari linavyosema, na ndivyo atakavyoandika akiulizwa kwenye mtihani. Kupima, hajawahi kupima.

Makala haya yanawahusu walimu wa Sayansi na Teknolojia katika Gredi ya 4, ya 5 na ya 6, pamoja na wazazi wanaoletewa miradi nyumbani. Mtaala wa Umilisi, yaani CBC, ulifika Gredi ya 4 mwaka 2020, na nia yake ni mtoto atende, achunguze, kisha aeleze alichokiona. Katika shule nyingi kutenda huko kumegeuka safari ya saiba: mtoto anatumwa akachapishiwe picha ya moyo au ya kinyonga, mzazi analipa, picha inabandikwa kwenye manila, mwalimu anatia alama. Huo ni ununuzi, wala haumfunzi mtoto lolote kuhusu moyo. Sayansi huanza pale anapoulizwa swali ambalo jibu lake limo katika kitu chenyewe kilicho mbele yake, na mwalimu akakubali kunyamaza kwanza.

Tuchukue hayo maji. Unahitaji sufuria ndogo, jiko, saa na kipimajoto cha maabara. Kile cha zahanati huishia nyuzijoto 42, na ukikitia katika maji ya moto kitapasuka. Tangu Januari 2023 shule nyingi za msingi zina wanafunzi wa Sekondari Msingi katika uwanja huohuo, kwa hivyo mwalimu wa sayansi wa upande huo ndiye wa kuazima kwake. Kipindi ni dakika 35 tu: tumia nusu lita ya maji, na makaa yawe yameshika moto kabla kengele haijalia.

Jiko likae nje. Nyeri mwezi wa Julai, ukungu na baridi vikizidi, watu huingiza jiko la makaa ndani ya nyumba na kufunga madirisha, na gesi ya makaa, isiyo na rangi wala harufu, huwaua usingizini. Liseme hilo palepale mbele ya jiko. Litawakaa kuliko wakilisoma kitabuni.

Kabla sufuria haijatengwa jikoni, kila mmoja aandike anachokisia: maji yatachemka kwa nyuzijoto ngapi, na kwa nini anadhani hivyo. Hatua hii usiiruke hata ukibanwa na muda, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuandika makisio yake ana cha kutetea. Sasa shika kipimajoto mwenyewe, ncha yake isiguse chini ya sufuria. Mwanafunzi mmoja asome namba kila dakika, mwingine aandike. Zitapanda haraka, zitaanza kujikokota, kisha zitagoma. Utasikia kuwa kipimajoto kimeharibika. Utasikia makaa ni machache. Vizuri, ongeza makaa. Mapovu yatazidi, mvuke utazidi, namba itabaki palepale. Kama kuna kipimajoto cha pili, waache wakijaribu nacho. Jibu usilitoe bado, waache wazozane.

Wakichoka kuzozana ndipo ueleze kwamba hewa iliyo juu yetu ina uzito, na huo uzito ndio unaoyakandamiza maji yasigeuke mvuke. Ukipanda mlima unaiacha hewa nyingi chini yako, kwa hivyo maji hupata njia ya kutoka mapema. Kwa kila mita 300 unazopanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzijoto moja hivi. Wakokotoe wenyewe: Mombasa itakuwaje? Na kilele cha Lenana cha Mlima Kenya, mita 4,985, ambacho asubuhi isiyo na mawingu wanakiona wakiwa paredi? Watapata nyuzijoto 83 au 84. Hapo uliza kuhusu githeri. Maharagwe huivishwa na joto, na joto la maji yanayochemka huku halipiti 94 hata uchochee vipi. Ndiyo maana githeri ya Nyeri hukaa motoni muda mrefu kuliko ya Mombasa, ndiyo maana sufuria ya presha husaidia, na ndiyo maana kuchochea kuni sufuria ikishatokota ni kuzipoteza tu. Mpishi wa shule akipita karibu, mwite ashiriki, maana ana mengi ya kuongeza.

Mwalimu mwenzangu atasema: mtihani je? Mtoto aliyepima ataandika 100 akijua kwamba hiyo ni namba ya usawa wa bahari. Hapotezi alama yoyote.

Walio Nanyuki wana somo jingine linalowangoja barabarani. Penye kibao cha Ikweta, vijana huwaonyesha watalii beseni lenye tundu: upande mmoja wa mstari maji yanazunguka kuelekea kulia, upande wa pili kushoto, na juu ya mstari wenyewe yanashuka wima. Vijana wanajitafutia riziki, nami sina ugomvi nao. Lakini sababu wanayoitoa si kweli. Mzunguko wa dunia kweli huathiri pepo kubwa na mikondo ya bahari, ila katika beseni athari yake ni hafifu mno, na karibu na Ikweta ni kama haipo kabisa. Kinachoyazungusha maji ni jinsi yalivyomiminwa na jinsi mtu alivyogeuza mwili wake kabla ya kulituliza beseni. Mwaka 1962 Ascher Shapiro, profesa wa chuo cha MIT huko Marekani, aliweza kuionyesha athari hiyo katika tangi, lakini lilikuwa na upana wa karibu mita 1.8 na alilazimika kuyaacha maji yatulie saa 24 kabla ya kufungua tundu.

Wanafunzi wako wanaweza kulijaribu jambo hili shuleni, popote walipo. Toboa beseni kuukuu la plastiki, ziba tundu kwa kidole, na utie kijiti cha kiberiti kielee. Kundi moja limimine maji likilenga upande wa kulia, la pili kushoto, na la tatu lisubiri maji yatulie kabisa. Rudieni mara kumi kila moja na kuandika matokeo. Watagundua kwamba wao ndio wanaoamua maji yazunguke wapi. Mtoto wa miaka kumi na moja akishajua kwamba kitu kinaweza kuonyeshwa mbele ya macho yake na bado maelezo yake yakawa ya uongo, amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui.

Huo mtindo wa kuuliza kitu badala ya mwalimu una historia yake hapa kwetu. Miaka ya 1960 Kenya na Tanzania zilikuwa katika Mpango wa Sayansi ya Shule za Msingi Afrika. Jos Elstgeest, aliyefundisha katika chuo cha ualimu cha Morogoro, alikuwa na mazoea ya kuwarudisha watoto kwa yule mdudu anayechimba vishimo katika mchanga mkavu na kuvizia sisimizi watumbukie. Mtoto akiuliza, "Anakula nini?", jibu lilikuwa kwenda kumwuliza mdudu mwenyewe: mtilie kitu kishimoni uone. Eleanor Duckworth alipotathmini mpango huo nchini Kenya, aliwaweka watoto katika chumba chenye vitu vya kila namna na kuangalia wangefanya nini navyo. Waliopitia mpango walikuwa na mawazo mengi zaidi ya kujaribu kuliko wenzao. Hakuwa na haja ya kuuliza wamekariri nini.

Mvua ya Machi hadi Mei ikianza, mito inayoshuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya hubadilika rangi. Ili waone sababu, kata chupa mbili za plastiki kwa urefu, zijaze udongo wa shamba moja, moja ufunike kwa bonge la nyasi na mizizi yake, nyingine ibaki wazi. Ziegemeze kwa mwinamo sawa, mimina kikombe kimoja cha maji kila upande kutoka kimo kilekile, na ukinge yanayotoka katika glasi mbili. Moja itakuwa na maji ya rangi ya chai isiyokolea, nyingine tope. Mtoto akiuliza kwa nini lazima kila kitu kilingane isipokuwa nyasi, ujue amefika penyewe, maana hilo ndilo jaribio la haki. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira aliyezaliwa Ihithe hapa Nyeri mwaka 1940, ameandika kwamba alipokuwa mdogo alijaribu kuokota mayai ya vyura kijitoni akiyadhania shanga. Mti wa kando ya maji hayo ulipokatwa, kijito nacho kiliondoka. Hadithi hiyo isimulieni baada ya jaribio, isitangulie.

Shule zilizo ukanda wa majani chai, Othaya na sehemu za juu za Mathira, zina maabara nyuma ya ua. Chuma majani mabichi, yagawe mafungu mawili. La kwanza lifikiche vizuri viganjani na uliache. La pili litumbukize kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kisha ulifikiche. Baada ya saa moja au mbili fungu la kwanza litageuka rangi ya shaba na kunukia chai. La pili litabaki na kijani chake, kwa sababu joto limeharibu vile vimeng'enya vinavyoligeuza jani rangi hewa inapoligusa. Mzazi anayefanya kazi kiwandani ataweza kueleza yanayofuata vizuri kuliko kitabu.

Kuhusu mbegu za maharagwe kwenye pamba sina mengi. Kila shule hufanya. Badilisheni kitu kimoja tu, mwanga au maji au baridi, la sivyo ni mapambo ya dirishani.

Neno kuhusu lugha. Kuanzia Gredi ya 4 somo hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto anayehangaika kutafuta maneno hunyamaza, mwalimu akadhani hajui. Ruhusu makundi yajadiliane kwa Kikuyu au Kiswahili wakati wa jaribio, kisha yaandike ripoti kwa Kiingereza. Nanyuki na Naro Moru, ambako darasa moja lina Mkikuyu, Mmeru, Msamburu na Mturkana, Kiswahili ndicho kitakachowabeba wote.

Na kwenu wakuu wa shule: mgao wa serikali wa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka ni mdogo na huchelewa, hilo linajulikana. Hata hivyo, vipimajoto viwili vya maabara, sumaku chache, lenzi za mkono sita, waya, balbu za tochi na mizani ya jikoni vinaweza kutumiwa na Gredi zote tatu kwa miaka. Vinunueni kabla ya chati nyingine ya ukutani, na ufunguo wa kabati mwachieni mwalimu wa sayansi.