Kwa Nini Kinasa Sauti Chetu Kilikuwa Kinakatika?



Wengi mnakikumbuka kinasa sauti cha kurekodi darsa kilichotengenezwa na vijana wetu wa darasa la juu. Bodi yake ya sakiti waliichora wenyewe. (Msidhani bodi hubuniwa China peke yake, BRCK, kifaa cha intaneti kilichotangazwa mwaka 2013, kilibuniwa Nairobi.) Kilirekodi vizuri sana. Tatizo lilikuwa kukichomeka kwenye kompyuta: faili fupi lilipita, faili refu lilikatika katikati. Darsa mbili za Ramadhani zilipotea hivyo, na hatukuwa na nakala.

Lawama zilianza. Wengine walisema ni nyaya za umeme mkubwa ziendazo kituo cha kupozea umeme cha hapa Ibadakuli. Tulikipeleka kinasa mbali na nyaya hizo, kikakatika vilevile. Wengine wakasema ni programu, nasi tukapoteza wiki nzima tukiiandika upya. Hilo lilikuwa kosa letu walimu, maana hatukupima kwanza.

Ifahamike kwamba USB ya mwaka 1996 ilipitisha hadi megabiti 12 kwa sekunde. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, ilifikisha 480. Katika mwendo wa 12 ishara hufikia volti 3.3 hivi, na kila biti hudumu nanosekunde 83. Katika mwendo wa 480 ishara ni volti 0.4 tu, na biti hudumu nanosekunde 2. Kwa hiyo njia iliyo salama kwa mwendo mdogo yaweza kuwa mbovu kwa mwendo mkubwa.

Basi tulianza na yaliyo rahisi. Tulibadili waya, tukaweka mfupi. Tukapima umeme, ukawa volti 5 kamili. Kisha tukafanya jaribio ambalo tunawasihi mlishike: tulizima mwendo mkubwa katika programu, kinasa kikabaki na megabiti 12. Darsa la saa moja, takriban megabaiti 300, lilichukua zaidi ya dakika tano, lakini lilifika lote! Hapo tukajua kwamba wa kuchunguzwa ni shaba, si programu.

Ishara ya USB 2.0 hupita katika njia mbili, D+ na D-. Ni kama maksai wawili wa plau chini ya nira moja: wakiachana hatua, mfereji unapinda. Njia hizo zinatakiwa ziende pamoja, urefu sawa, na upana na nafasi kati yake vipangwe ili ukinzani wa jozi uwe omu 90. Zetu zilikuwa sawa kwa urefu. Tulipogeuza bodi tuliona jambo jingine: tabaka la eathi lililo chini yake lilikuwa limekatwa na njia ya umeme wa volti 5. Mkondo unaorudi hupenda kupita chini kabisa ya ishara. Ukikuta mkato huzunguka mbali, na ishara huharibika.

Kosa la pili lilikuwa daiodi mbili za kukinga chipu dhidi ya umeme tuli, moja kwa kila njia. Zilikuwa za aina ya kukingia waya wa umeme, zenye kapasitansi kubwa, nazo zilikuwa zinaimeza ishara. Tulizichomoa kwa pasi ya risasi, kukatika kukapungua sana papo hapo. Hata hivyo bodi isiyo na kinga haifai kuachwa hivyo, hasa kiangazi chetu hiki cha vumbi kavu.

Mkato wa eathi hautibiki kwa risasi. Vijana walichora bodi ya pili, wakauhamisha umeme upande mwingine, wakaweka daiodi za kapasitansi ndogo karibu na tundu la USB. Tumeijaribu kwa mwendo wa 480, mara ishirini mfululizo, kwa faili lilelile la megabaiti 300. Haijakatika. Kasha lake bado linachongwa.