Neno la Faraghani

Mwezi Julai 2022 TFF ilimfungia Haji Manara, msemaji wa Yanga, miaka 2 na kumtoza shilingi milioni 20 kwa maneno aliyomtolea Rais wa shirikisho hilo, Wallace Karia, uwanjani Arusha. Mpenzi wa mpira, hata huku Mngeta, aweza kuuliza: uhuru wa kusema u wapi? Twajibu: ajiungaye na chama amezikubali kanuni zake.

Lililo gumu ni neno la faraghani. Mwaka 2014 Donald Sterling, mwenye timu ya Los Angeles Clippers huko Marekani, alinaswa sauti akimkataza rafiki yake wa kike kuwaleta watu weusi uwanjani. NBA ikamfungia maisha. Amri ya nane yakataza kufichua siri pasipo sababu ya haki, nasi hatumsifu aliyeieneza sauti ile. Lakini wachezaji wake wengi walikuwa weusi. Wakiisha kuyasikia, wangemtumikiaje?