SOMO: SIKU MOJA KATIKA MAGOFU YA KILWA KISIWANI



Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 19, twasoma habari za Efeso, mji mkubwa wa Kiyunani, na ghasia iliyotokea mahali pa michezo kwa ajili ya Artemi. Mji ule leo ni magofu katika nchi ya Uturuki. Mto uliijaza bandari yake tope, biashara ikahama, na watu nao wakahama. Siku hizi wageni wengi hufika huko, wakiongozwa na watu waujuao mji, ili kuyatazama mahali pale pa michezo na njia zilizotandikwa mawe.

Si wengi wetu hapa Milepa watakaofika Uturuki. Lakini nchi yetu inao mji wake wa kale, nao ni Kilwa Kisiwani, katika mkoa wa Lindi. Kutoka bonde la Rukwa ni safari ndefu, maana yatupasa kuikata nchi nzima hata pwani, ila haihitaji pasipoti. Katika somo hili tutayapitia magofu hayo kituo kwa kituo, kama afanyavyo mwongozaji wa wageni. Mwishoni tutarudi Ufipa, kwa kuwa huku nako tunayo magofu.

Maswali ya kuchukua safarini

Aingiaye katika magofu bila swali hutoka na picha tu. Basi kila kituo tuulize mambo matano: Jengo hili limejengwa kwa kitu gani? Ni nani aliyelipa gharama? Ni nani asiyeonekana katika kuta hizi? Kwa nini liliachwa? Na leo ni nani anayelitunza?

1. Gereza

Mgeni hulipa ada na kupata kibali Kilwa Masoko, kisha huvuka kwa mashua mlango mwembamba wa bahari. Jengo linalomlaki ni ngome iitwayo Gereza. Mwaka 1505 Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliuteka mji na kujenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Jengo tulionalo sasa ni la Waarabu wa Omani, la karibu na mwaka 1800, nalo limesimama penye mabaki ya ngome ya Wareno. Wataalamu wa lugha husema kwamba neno letu "gereza" limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Hivyo hata neno tunalolitumia kila siku ni gofu la namna yake, lenye historia ndani.

2. Msikiti Mkuu

Hapa tunaona vizuri jibu la swali la kwanza. Watu wa Kilwa walijenga kwa mawe ya matumbawe. Matumbawe mengine yaliokwa kwa moto wa kuni hata yakawa chokaa ya kuunganishia mawe. Boriti za mikoko ziliezeka dari za nyumba, na kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba vingi vya pwani ni vyembamba.

Sehemu ya kaskazini ya msikiti ndiyo ya zamani zaidi, ya karne ya 11 au ya 12. Sehemu kubwa ya kusini, yenye makuba na matao, iliongezwa katika karne ya 14 na kujengwa upya katika karne ya 15. Mwongozaji atakuonyesha nguzo na makuba. Wewe mwulize pia maji ya kutawadhia yalitoka wapi na yalihifadhiwaje.

3. Husuni Kubwa

Mwendo wa zaidi ya kilometa moja upande wa mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari, ndipo ilipo Husuni Kubwa. Ni jumba lenye vyumba zaidi ya 100, lenye nyua na birika la kuogea la pembe nane. Lilijengwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, na yaelekea halikumalizika.

Ni nani aliyelipa? Tujibu: dhahabu. Dhahabu ilichimbwa katika nyanda za Zimbabwe, ikashushwa hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, na Kilwa ikatoza ushuru juu yake. Kilwa ilikuwa na sarafu zake za shaba. Sarafu moja ya sultani huyo iliokotwa Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia.

4. Wasioonekana

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa, akausifu mji kwa uzuri wake. Lakini aliandika kwamba nyumba zake zilikuwa za miti. Je, alisema uongo? Hapana lazima. Majengo ya mawe yalikuwa ya ibada na ya wenye mali. Watu wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, na nyumba hizo hazikuacha kuta za kutazamwa. Mfua chuma, mvuvi, mwanamke aliyeteka maji: hao wote wamo katika mji huu, lakini magofu hayawataji. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa tangu mwisho wa miaka ya 1950, aliwapata katika vigae, shanga na mabaki ya chakula.

Tena wapo wengine. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne ya 19 biashara hiyo ilishika zaidi Kilwa Kivinje, ng'ambo ya bara, na watu waliofikishwa huko walitoka mbali, hata pande za ziwa Nyasa. Mtu wa bara atembeaye Kilwa astaajabie ustadi wa waashi, lakini asisahau kwamba katika pwani hii wako waliofika wakiwa wamefungwa minyororo. Kusifu bila kukumbuka ni nusu ya somo.

5. Nani anayatunza?

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu mvua, mizizi ya miti na mawimbi yaliziangusha kuta. Kazi ikafanyika: kuta zikatengenezwa, kingo za bahari zikaimarishwa, mikoko ikapandwa, na wenyeji wakashiriki. Mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha ile ya hatari. Hapa tunajifunza kwamba gofu linaweza kuokolewa, nalo huokolewa na watu wa karibu kwanza.

6. Na sisi je?

Uwanda wa Ufipa unayo magofu ambayo hayana mlango wala ada ya kuingilia. Nayo ni malungu, tanuri za udongo za kuyeyushia chuma, ambazo nyingine zilifikia urefu wa meta 3 hivi. Malungu hayakuhitaji mivukuto. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, moto ukapanda. Chuma kilichotoka kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo lilitumia mivukuto. Ndipo wahunzi wakafua majembe, na jembe lilikuwa chombo cha kazi na mali ya kutolea mahari. Vyuma vya madukani vilipoenea katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kazi hii ilikoma. Miaka ya 1990 Bertram Mapunda alifanya utafiti wa ufuaji chuma pande za Nkansi, na wengine wamefanya vivyo hivyo, hata wasomi wa nchi za mbali wakaijua sifa ya mafundi wa Ufipa.

Lakini udongo si matumbawe. Lungu likipigwa jembe, likikwanguliwa na ng'ombe, au likibomolewa na watoto wanaocheza, halina chokaa ya kulishika. Nao wazee waliosikia habari za kazi hiyo kutoka kwa baba zao wanapungua kila mwaka. Kilwa ina walinzi na vitabu. Lungu lililo kando ya shamba lina mlinzi mmoja tu, naye ni mwenye shamba.

Basi tusingoje mgeni atuambie kwamba tulicho nacho ni cha thamani. Mwenye lungu karibu na shamba lake aache hatua chache bila kulima. Vijana wakamwulize babu au bibi majina ya vifaa na ya kazi, wakayaandike katika daftari. Walimu wawapeleke watoto kutazama, si kupanda juu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi

1. Ni jengo gani la zamani kuliko yote katika kijiji chenu? Yaulizeni yale maswali matano.
2. Ni watu gani waliolijenga ambao majina yao hayakumbukwi?
3. Ni nani kati yenu awezaye kueleza kazi ya lungu, na ni nani atakayeyaandika maneno yake mwezi huu?