Kufundisha Urithi wa Rangi kwa Kuku na Maharage

Mwalimu apangiwapo shule ya Mbulu au Hanang asisikitike kwamba hakuna maabara. Kuku na maharage, ambavyo havikosekani vijijini huko, vyatosha kufundishia somo la urithi katika madarasa ya juu.

Swali la kuanzia

Uliza: “Je, jogoo mwekundu na tetea mweusi waweza kupata kifaranga mweupe?” Wengi watakataa, wengine watasema kuwa tetea huyo alipandwa na jogoo wa jirani. Usiwasahihishe bado.

Zoezi

Tayarisha makopo mawili, kila moja na maharage 50 meusi na 50 meupe. Kopo moja ni baba, la pili ni mama. Mwanafunzi afumbe macho, achukue punje moja katika kila kopo. Hizo ni jeni, yaani chembe za urithi: kifaranga hupokea moja kwa baba na moja kwa mama. Punje nyeusi, yaani jeni ya kuwa na rangi, hutawala, nyeupe hujificha. Kifaranga huwa mweupe punje zote mbili ziwapo nyeupe. Punje zirudishwe, na zoezi lirudiwe mara 100. Weupe watakaribia 25. Lakini hii ni bahati, si zamu: mayai 8 yaweza kuanguliwa asiwepo mweupe hata mmoja.

Kanuni hii ilielezwa na mtawa Gregor Mendel mwaka 1866 kwa njegere. William Bateson akaithibitisha kwa kuku mwaka 1902.

Jaribio la bandani

Ili kujua kama jogoo mwenye rangi anaficha weupe, apandishwe kwa tetea mweupe aliyezaliwa na wazazi wenye rangi, kwani si kila weupe wa kuku hurithiwa hivi. Kwanza tetea atengwe na majogoo wote kwa wiki 3 au 4, maana mbegu za jogoo hudumu mwilini mwake. Mayai huanguliwa baada ya siku 21. Akipatikana hata mmoja atakayeota manyoya meupe, siri ya jogoo imefichuka.

Hitimisho

Sasa rudia swali la kwanza. Darasa lenyewe litakiri kwamba tetea alisingiziwa.

Hapo ndipo ueleze habari ya ualbino. Mtoto mwenye ualbino hupokea jeni iliyofichika kwa baba na kwa mama pia, ingawa kwa kawaida wote wawili hawana dalili yoyote. Wako akina mama nchini waliofukuzwa majumbani mwao kwa kudhaniwa wazinzi au waliolaaniwa. Mwalimu asimtaje mwanafunzi yeyote kwa mfano, wala asimlinganishe mtu na kuku. Kanuni ielezwe kwa punje za maharage. Mwanafunzi aliyeelewa punje hizo atakuwa na la kujibu siku atakaposikia mama akisingiziwa.