SOMO LA WIKI: Bei si thamani, tujifunze kwa michezo bora ya Nintendo

Katika somo la wiki hii tunatenganisha maneno mawili ambayo wafanyabiashara na wawekezaji wadogo huyachanganya kila siku, nayo ni bei na thamani. Anayeyachanganya hununua bidhaa kwa sababu tu imepanda, kisha hushangaa anapobaki nayo mkononi.

Mfano wetu safari hii hautoki kwenye kahawa wala korosho. Unatoka kwenye mashine ya michezo ya video iliyotengenezwa na kampuni ya Nintendo ya mjini Kyoto, Japani. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, katika soko la kaseti za mashine hiyo tofauti ya bei na thamani huonekana wazi kuliko katika masoko mengi. Pili, katika miaka ya karibuni watu wenye akiba ndogo wameshawishiwa kuweka fedha zao katika soko hilo.

Mashine yenyewe

Nchini Japani mashine hiyo iliitwa Famicom. Ilianza kuuzwa Julai 1983 kwa yen 14,800. Nchini Marekani iliingia kwanza New York mwishoni mwa 1985, kwa jina la Nintendo Entertainment System, kwa kifupi NES. Mpaka utengenezaji wake ulipokoma zilikuwa zimeuzwa takriban mashine milioni 62 duniani kote.

Wasomaji waliokulia Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa miaka ya 1990 huenda wanaifahamu bila kulijua jina lake. Zile mashine za bei nafuu zilizounganishwa na televisheni, zikija na kaseti iliyoandikwa kwamba ina mamia ya michezo, nyingi zilikuwa nakala za Famicom zilizotengenezwa Asia. Ukiwasha kaseti hiyo ulikuta michezo michache inayojirudia kwa majina tofauti. Hilo nalo ni somo dogo: idadi iliyoandikwa kwenye lebo si kipimo cha mali iliyomo ndani.

Wingi wa bidhaa mbovu uliua soko

Kabla ya NES, soko la michezo ya video nchini Marekani lilikuwa limeporomoka. Mauzo ya takriban dola bilioni 3 mwaka 1983 yalishuka hadi takriban dola milioni 100 kufikia 1985. Sababu kubwa ilikuwa ugavi uliopita mahitaji, tena ugavi wa bidhaa duni. Kila kampuni ilikimbilia kutoa kaseti na wenye maduka walijaza rafu. Mchezo wa E.T. wa kampuni ya Atari, uliotolewa 1982, uliandikwa kwa muda wa takriban wiki tano tu ili uwahi Krismasi. Mamilioni ya kaseti zake hazikupata wanunuzi. Mwaka 1983 Atari ilifukia bidhaa zake zilizododa katika jalala la Alamogordo, jimbo la New Mexico. Jalala hilo lilifukuliwa mwaka 2014 na kaseti zikaonekana.

Mteja aliyeuziwa kitu kibovu mara tatu hamlaumu mwenye duka mmoja. Hulikimbia soko zima.

Nintendo ililiona hilo. Ndani ya mashine za Marekani iliweka kifaa kidogo cha elektroniki kilichozuia kaseti isiyo na kibali kufanya kazi. Kila kampuni yenye leseni iliruhusiwa kutoa michezo isiyozidi mitano kwa mwaka. Kaseti zilitengenezwa na Nintendo yenyewe, na kampuni zililipia kabla ya kuuza. Hivyo hasara ya mchezo mbaya ilimwangukia aliyeutunga.

Hata hivyo, nguvu hiyo ilikuwa na ubaya wake. Mwaka 1991 Nintendo ilikubaliana na serikali ya Marekani na majimbo kumaliza madai kwamba iliwashurutisha wauzaji wa rejareja wasipunguze bei ya mashine. Wanunuzi walipewa kuponi za dola 5. Anayelinda ubora akiachwa bila kuangaliwa huanza kulinda na bei.

Michezo bora na kilichoifanya iwe bora

Thamani ya mchezo ni kile anachokipata mchezaji: furaha, changamoto na hamu ya kurudi tena kesho. Kwa kipimo hicho, majina yafuatayo hayakosekani katika orodha ya wajuzi wengi.

Super Mario Bros. wa 1985, uliobuniwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, una ukubwa wa kilobaiti 40 tu. Picha moja ya simu ya leo huuzidi mara nyingi. Lakini sekunde chache za mwanzo humfundisha mchezaji kila kitu bila neno hata moja. Adui anakuja kutoka kulia, usiporuka unakufa. Ukiruka unagonga boksi, na boksi linatoa zawadi. Umeuzwa zaidi ya nakala milioni 40, nyingi zikiwa zimeambatanishwa na mashine yenyewe.

The Legend of Zelda, uliotoka Japani 1986 na Marekani 1987, ulimwachia mchezaji nchi nzima aizunguke bila kuelekezwa njia. Kaseti yake ya Marekani ilikuwa na betri ndani, hivyo mtu aliweza kuhifadhi safari yake na kuendelea siku nyingine. Ziliuzwa takriban milioni 6.5.

Super Mario Bros. 3, uliotoka Japani 1988 na Marekani 1990, huwekwa na wengi juu kabisa ya orodha. Kila hatua ina wazo lake jipya, na mchezaji huchagua njia kwenye ramani. Ulipita nakala milioni 17.

Mega Man 2 wa kampuni ya Capcom, 1988, humruhusu mchezaji kuchagua ni adui gani mkuu aanze naye. Ukimshinda mmoja unapata silaha yake, na silaha hiyo ni dawa ya mwingine. Ni mchezo wa kupanga kabla ya kutenda.

Tetris, uliotungwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, hauna hadithi wala shujaa. Una matofali yanayoanguka tu, lakini mtu akikaa nao jioni huamka usiku wa manane.

Kwa upande wa hadithi ndefu, Dragon Quest III ulipotoka Japani Februari 1988 watu walipanga foleni na zaidi ya nakala milioni moja zikauzwa siku ya kwanza. Final Fantasy wa kampuni ya Square, uliotoka Desemba 1987, ulizaa mfululizo ambao unaendelea kuuzwa hadi leo.

Msomaji atambue kitu kimoja. Michezo hii iliuzwa kwa wingi kwa sababu ni mizuri, na kwa sababu iliuzwa kwa wingi, kaseti zake zimejaa kila mahali. Kaseti iliyotumika ya Super Mario Bros. ikiwa pamoja na Duck Hunt hununuliwa Marekani kwa pesa ndogo, bei ya chakula cha mchana. Wahenga walisema chema chajiuza. Hawakusema kwamba chema huuzwa ghali.

Mchezo mmoja, majina mawili

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1987 kampuni ya Bandai ilitoa Marekani mchezo wa riadha uitwao Stadium Events, unaochezwa kwa kukimbia juu ya mkeka maalumu. Muda si mrefu Nintendo ilichukua haki za mkeka huo, ikaupa jina la Power Pad, na mchezo ukaanza kuuzwa kwa jina la World Class Track Meet. Nakala za jina la zamani ziliondolewa sokoni zikiwa zimeuzwa chache sana.

Matokeo yake? Mwaka 2010 nakala ya Stadium Events ambayo haijafunguliwa ilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya dola 40,000. World Class Track Meet, ambao uchezaji wake ni ule ule, hupatikana kwa dola chache. Mbio ni zile zile na mkeka ni ule ule. Kilicholipiwa ni lebo na uchache wake.

Hapa ndipo somo letu lilipo. Thamani ya matumizi ya kaseti hizi mbili ni sawa. Bei zimeachana kwa maelfu ya mara kwa sababu bei haipimi uzuri. Bei hupima watu wangapi wanakitaka kitu na vipo vingapi vya kugawana. Zipo kaseti chache zilizo nzuri na adimu kwa pamoja, kama Little Samson wa kampuni ya Taito wa 1992, lakini hizo ni za kubahatisha.

Wimbi la 2021

Mnunuzi mwingine hatafuti jina adimu bali hali adimu, yaani kaseti ambayo karatasi yake ya kiwandani haijachanwa. Julai 2020 Super Mario Bros. ya aina hiyo iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 114,000. Aprili 2021 nyingine ilifika dola 660,000. Julai 2021 Zelda ilifika dola 870,000. Agosti 2021 Super Mario Bros. nyingine ikauzwa kwa dola milioni 2.

Nakala hiyo ya mwisho inawahusu wawekezaji wadogo moja kwa moja. Ilikuwa mali ya kampuni ya Rally, ambayo hununua vitu vya kale na kuwauzia wananchi hisa ndogo ndogo za kitu hicho. Rally ilikuwa imeinunua mwaka 2020 kwa dola 140,000. Wenye hisa hao walipata faida nono, na habari zao zikaenea.

Walioingia baada ya kusikia habari hizo hawakuwa na bahati hiyo. Kuanzia 2022 joto lilipoa, na kaseti nyingi zilizofungwa ziliuzwa chini sana ya bei za 2021. Mwaka huo huo baadhi ya wateja walifungua kesi Marekani dhidi ya kampuni mojawapo ya kupima hali za kaseti, wakidai kwamba soko lilipandishwa kwa hila.

Kuna jambo la kushangaza katika mali hii. Mwenye kaseti ya dola laki kadhaa hawezi kuicheza. Akichana ile karatasi ili aone uzuri wa mchezo, bei inayeyuka papo hapo. Amenunua bei, na ili ailinde ni lazima ajinyime thamani. Upande wa pili, Nintendo ilipotoa Novemba 2016 mashine ndogo yenye michezo 30 ya zamani ndani yake, ikiwemo Mario, Zelda na Mega Man 2, iliiuza dola 60 hivi. Hiyo ni kama dola 2 kwa kila mchezo. Thamani ile ile ilipatikana kwa bei ya reja.

Mambo ya kuzingatia

1. Uliza mali inazaa nini. Hisa hutoa gawio, nyumba hutoa kodi, ng'ombe hutoa maziwa. Kitu kisichozaa hukupa faida pale tu atakapotokea mtu wa kukinunua kwa bei kubwa kuliko yako.

2. Uadimu peke yake si mali. Vitu vingi ni adimu na hakuna anayevitaka. Jiulize wanunuzi ni wangapi, na kama walikuwepo miaka kumi iliyopita.

3. Bei ya mnada mmoja si bei ya soko. Watu wawili wenye fedha na ubishi wanatosha kuifikisha bei mbinguni. Tafuta mauzo mengi ya kitu kile kile kwa muda mrefu.

4. Hesabu gharama za katikati. Ada ya mnada, upimaji, usafiri, bima na ushuru hutoka mfukoni mwako hata kama bei imelala.

5. Jua nani anapima na nani anauza. Wakiwa wanakula sahani moja, shika mkoba wako.

6. Kama wewe ni mfanyabiashara wa kununua na kuuza, faida yako iko kwenye bidhaa yenye thamani inayotoka haraka. Dukani, kaseti kumi za Mario zinazotoka kila wiki zina nafuu kuliko moja ya kihistoria inayokaa kabatini miaka minne huku mtaji umelala.

Zoezi la wiki

Chukua daftari, uandike vitu vitatu ambavyo ungependa kuwekeza fedha mwaka huu: kiwanja, hisa, mazao au chochote. Mbele ya kila kimoja andika sentensi mbili. Ya kwanza iseme mtumiaji wake wa mwisho anapata nini. Ya pili iseme kwa nini bei yake imepanda au itapanda. Kama sentensi ya kwanza imekushinda na ya pili umeijaza kwa wepisi, umeshika kaseti iliyofungwa. Unaweza kuinunua ukitaka, ila usitumie ada ya shule ya watoto.