Aliyekutunza hajakununua

*Nasimulia hadithi, naishi Likoni. Nimefungua ukurasa Patreon na mashabiki hunilipa kila mwezi. Mmoja aliye Muscat hulipa kiwango cha juu kabisa. Sasa hunipigia simu usiku, hunipangia hadithi iishe vipi, na nikichelewa kumjibu hunikumbusha pesa zake. Nikimwondoa, kodi ya nyumba itanishinda. Dada yangu asema nimejitakia, maana kuchangisha mashabiki ni uombaomba.*

Mdogo wangu,

Mwondoe leo, kabla hujarekodi sehemu nyingine. Mrudishie mchango wa mwezi huu, mfungie Patreon na WhatsApp, wala usimwandikie maelezo marefu, kwani kila neno atalifanya mjadala. Jumbe zake usizifute. Akianza vitisho utazihitaji polisi.

Kisha tazama kile kiwango cha juu. Ukurasani mwako umeandika kwamba anayekilipia atapata mazungumzo ya faragha nawe. Kifute. Ahidi kazi tu: asikie hadithi siku mbili kabla ya wengine, atajwe jina mwishoni, basi.

Dada yako umkumbushe taarabu. Mtu huinuka kitini, akaenda kwa madaha hadi jukwaani, akamtunza mwimbaji noti mbele ya kadamnasi. Hakuna anayemwita mwimbaji ombaomba, na aliyetunza hurudi kitini kwake. Hamfuati mwimbaji nyumbani. Hata Jack Conte, mmoja wa walioanzisha Patreon mwaka 2013, alikuwa mwanamuziki aliyechoka kuona video zilizomgharimu pesa nyingi zikimwingizia vijisenti vya matangazo. Unachofanya ni kazi, na kazi ina ujira.

Sasa kodi. Pengo la mtu huyo halitazibika kwa mwezi mmoja, kwa hiyo zungumza na mwenye nyumba mapema. Lakini kuna pesa unaziacha njiani. Patreon hukata 10% kwa kurasa mpya, na juu yake kuna ada ya malipo inayouma zaidi kwenye michango midogo. Shabiki akijiunga ndani ya programu ya iPhone, Apple nayo hudai 30%. Waombe walio Ghuba na Ulaya wajiunge kupitia kivinjari. Wasikilizaji wako wa hapa Pwani wengi hawana kadi ya benki, na hamsini zao hazina pa kupitia. Chukua till ya M-Pesa uitaje mwishoni mwa kila hadithi. Till, si namba yako ya simu; umeshaona namba ikifika mkononi mwa asiyefaa.

Jambo jingine: nakili anwani za barua pepe za wafadhili wako kila mwisho wa mwezi. Desemba 2017 Patreon ilitangaza kuwatwika wafadhili ada mpya, wengi wakajitoa, na ingawa iliomba radhi na kuuacha mpango ndani ya siku chache, wasanii walikuwa wameshapoteza watu. Waliokuwa na anwani waliweza kuwaandikia wenyewe.