Usalama wa Simu na Waifai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Waifai ya bure stendi au hotelini ina hatari gani?

Waifai ni mawimbi ya redio, na mawimbi hayachagui wa kumfikia. Mtandao usiodai nywila kwa kawaida hausimbi kitu hewani, hivyo aliye jirani anaweza kuyanasa na kusoma yaliyomo. Isitoshe, mtu yeyote anaweza kuuita mtandao wake jina la hoteli. Tovuti ambayo anwani yake inaanza na https husimba mawasiliano yenyewe, na hiyo ni kinga kubwa. Hata hivyo, mambo ya pesa yafanye kwa bando lako.

Waifai ya nyumbani niilinde vipi?

Kwenye mipangilio ya ruta, chagua WPA2 au WPA3. Ukikuta WEP, achana nayo: udhaifu wake ulianikwa tangu mwaka 2001. Badilisha nywila zote mbili zilizokuja na ruta, ya kujiunga na ya kuingilia kwenye mipangilio.

Kwa nini meseji yenye jina la benki inaweza kuwa ya tapeli?

Katika 2G, simu hujitambulisha kwa mnara, lakini mnara haujitambulishi kwa simu. Mwenye mnara bandia anaweza kuivuta simu yako na kuitumia meseji yenye jina lolote. Kuanzia 3G, pande zote mbili huthibitishana. Kama kwenu 4G inashika vizuri na simu yako inaruhusu, zima 2G.

Laini yangu imekata ghafla, ya mwenzangu inashika. Kulikoni?

Huenda tapeli ameihamishia namba yako kwenye laini yake, ili namba za uthibitisho zimfikie yeye. Usingoje kesho. Azima simu, pigia huduma kwa wateja namba ifungwe, kisha ijulishe benki. Tanzania, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Nimeletewa meseji: "Ile hela itume kwenye namba hii." Nifanyeje?

Usijibu, usitume. Ukiwa Tanzania, iripoti kwa kuituma kwenda 15040, kisha ifute.

Kinga kubwa kuliko zote ni ipi?

Namba ya siri. Mitambo ikilindwa vipi, ukiitaja kwa mdomo wako umemfungulia mwizi mlango. Jioni ya leo, kaa na mzee wako umweleze taratibu: namba ya siri haiulizwi na mhudumu, wakala, wala mjukuu.